Kulea kachura ka miti kakiwa bado kadogo, hapa hapa Uganda: mwongozo kamili

Kuna swali naulizwa kila msimu wa mvua, mara na jirani, mara na mtu aliyepewa namba yangu na rafiki: kachura kangu kamekufa siku ya tano na sikukafanyia kitu kibaya, shida ilikuwa nini? Mi nauliza kitu kimoja tu, ulikuwa unakapa nini, na jibu linakuwa lile lile, nilikawekea nzi, nikakawekea panzi, kakakataa. Hakakukataa. Nzi wa nyumbani anakaribia kulingana na kichwa chake, panzi ndo usiseme, kachura kalikaa pale na njaa kakiangalia chakula ambacho hakawezi kumeza mpaka nguvu zikaisha. Kwa hiyo kabla sijaongea habari ya nyumba na maji na mengine yote, shika hili: chakula cha kachura kinaanza kutengenezwa wiki mbili kabla kachura hakajaingia nyumbani. Ukileta chura kwanza halafu ndo uanze kutafuta chakula umeshachelewa.

Kwanza jua uko na nani

Mimi niko Entebbe, nyuma ya nyumba yetu kuna kinamasi cha mafunjo kinachoteremka mpaka ziwani, na mvua za mwezi wa tatu zikianza, usiku vyura wa matete wanalia mpaka unadhani watu mia wanagonga glasi kwa vijiko. Hao ndo wengi tunaowaita vyura wa miti huku kwetu. Jina la kitaalamu la kundi lao ni Hyperolius, na wa kawaida kabisa ni Hyperolius viridiflavus, akikomaa ni sentimita 2 hadi 3 hivi, hazidi hapo sana. Wako na ndugu zao Afrixalus, wale wanaokunja jani na kutagia mayai ndani yake, halafu kuna Leptopelis, wakubwa zaidi, macho makubwa yametokeza, hao ni wa miti kwelikweli. Waganda wote wanawaita bikere tu na hawataki hata kuwasogelea, lakini ukimtazama mmoja kwa karibu mchana amelala juu ya jani, miguu yote ameikunja chini ya tumbo, anang'aa kama tone la nta, utaelewa kwa nini mimi sijaweza kuwaacha.

Namna ya kujua kama ni wa kupanda: angalia vidole. Kama ncha ya kila kidole ina kiduara kama kichwa cha pini, huyo anapanda, anataka nyumba ya kwenda juu. Kama ngozi ni kavu, ina vipele vipele na anatembea chini kwa kurukaruka kidogo kidogo, huyo ni chura wa nchi kavu, anataka malezi mengine kabisa na mwongozo huu haumhusu.

Na usishtuke rangi. Wadogo wa vyura wa matete mara nyingi wanaanza wakiwa wa kahawia au kijani kilichopauka na mistari pembeni, halafu wakikua baadhi wanabadilika rangi kabisa. Pia akikaa kwenye mwanga mkali anaweza kupauka mpaka awe karibu mweupe, ni njia yake ya kurudisha miale ya jua, sio ugonjwa. Usiku rangi inarudi.

Jambo lingine la hapa mwanzoni, na naliweka hapa makusudi ili usiliruke. Mnyama wa porini Uganda analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019, kwa hiyo kabla ya kutoa chura kinamasini na kumfuga pita ofisi za UWA, yaani mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, makao makuu yako Kamwokya pale Kampala, waeleze unataka nini, uulize habari ya kibali. Kama mtoto wako amekaokota kachura uani kwako, njia nzuri kuliko zote ni kukarudisha jioni pale pale kalipotoka, sio kinamasi kingine, pale pale.

Wangu alikuja ndani ya mkungu wa matoke. Lori linatoka upande wa Masaka, mkungu unafika sokoni, unafika jikoni, mke wangu anakata ndizi ya tatu anakuta kitu cha saizi ya punje ya harage kimejibana kati ya vidole vya ndizi kinamwangalia. Huyo huwezi kumwachia kinamasi cha Entebbe, kwa sababu hujui amebeba nini. Kuna kuvu wa ngozi anayeitwa chytrid, anaambukiza kwa maji, na ameshaua vyura sehemu nyingi sana duniani. Waswahili tuna mfano wa nyumbani kabisa, chura wa Kihansi kule Tanzania, Nectophrynoides asperginis, alikuwa anaishi kwenye mnyunyizo wa maporomoko ya mto Kihansi na si kwingine, mwaka 2000 bwawa la umeme likapunguza yale maji, mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka na kuvu huyo akakutwa kati yao, na 2009 akatangazwa hayupo tena porini. Waliokuwa wamebaki ni wale waliokuwa wamepelekwa kulelewa kwenye bustani za wanyama Marekani, na kuanzia 2012 ndo wakaanza kurudishwa. Mi nikiona mtu anachukua chura mji huu anamwachia mji ule ati anamhurumia, roho inaniuma.

Hatua ya kwanza: shamba la vijinzi

Unajua vile vijinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana jikoni, hivyo hivyo ndo maziwa ya mama kwa kachura. Uganda tumebarikiwa kwa hili, ndizi hazikosi.

Chukua kopo la plastiki la uwazi lenye mdomo mpana, lile la dukani la kuwekea peremende ni zuri sana. Ponda ndizi mbili za sukari zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi, weka chini ya kopo kama urefu wa vidole viwili, nyunyiza hamira kidogo sana, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, na kijiko kidogo cha siki ili ukungu usiwahi. Juu yake simamisha karatasi ngumu iliyokunjwa kunjwa, vijinzi vinapenda kukaa hapo na funza wao wanapanda hapo wakitaka kugeuka. Acha kopo wazi karibu na matunda siku moja au mbili. Ukiona vimeingia kama 15 au 20 funika kwa kitambaa laini, kaza na mpira.

Sasa subiri. Baada ya siku nne tano utaona funza weupe wadogo sana wanatambaa kwenye uji wa ndizi, halafu wanapanda ukutani na kwenye karatasi wanageuka vifuko vya kahawia, na kwa joto letu hili kati ya siku ya 10 na ya 14 vijinzi vipya vinaanza kutoka, mamia. Andika tarehe kwenye kila kopo, na kila wiki anzisha kopo jipya bila kukosa, kwa sababu kopo moja linatoa chakula wiki mbili hivi halafu linachoka, linanuka, linaota ukungu. Mtu akiwa na kopo moja tu ana uhakika wa kulala njaa yeye na chura wake wiki ya nne.

Sisimizi! Sisimizi watakumaliza. Weka kila kopo ndani ya sahani yenye maji, kama mama zetu walivyokuwa wanaweka sukari, hawavuki.

Hatua ya pili: nyumba

Mtu akisoma maelekezo ya nje anaona kioo kikubwa, taa ya joto, mashine ya ukungu, anakata tamaa. Mengi ya hayo yameandikwa kwa ajili ya yule chura mnene wa kijani wa Australia anayefika sentimita 10, mnyama mwingine, nchi nyingine, nyumba zao baridi. Kachura ka sentimita moja kanataka nyumba ndogo, na ndogo ni bora, kwa sababu kwenye kioo kikubwa vijinzi vinapotelea juu na kachura kako chini hakavioni.

Mi natumia kontena ya plastiki ya uwazi ya lita 5 hadi 10, imesimama, yenye kifuniko kinachobana. Kata dirisha kwenye kifuniko na lingine dogo ubavuni ili hewa ipite, maana hewa ikisimama na unyevu ukawa mwingi ngozi ya chura inaoza. Kwenye madirisha gundisha wavu.

Hapa naomba unisikilize vizuri sana. USITUMIE chandarua. Vyandarua vinavyogawiwa na serikali na vingi vinavyouzwa vimewekwa dawa ya kuua wadudu, na chura hana ngozi kama yetu, anakunywa na kupumua kwa ngozi. Kachura kangu ka kwanza nilikatengenezea nyumba nzuri, nikafunika na kipande cha chandarua kilichobaki nyumbani, asubuhi nikakuta vijinzi vyote viko chini miguu juu, na kachura kamejinyoosha kwenye kona, kanatetemeka miguu ya nyuma, jioni kakawa kamekufa. Mikono yangu ndo iliyofanya hivyo na mpaka leo sijasahau. Nunua wavu wa dirisha wa waya au wa plastiki usio na dawa, mita moja inatosha nyumba nyingi, uoshe kwa maji mengi, matundu yawe madogo vijinzi visipite.

Chini tandika tishu nyeupe zisizo na manukato wala maua, zilowe lakini zisiwe zinaelea. Udongo, kokoto, nyuzi za nazi, hivyo vyote viache mpaka akue, kwa sababu akiwa mdogo anarukia chakula anameza na takataka, na pia kwenye tishu unaona kila kitu: amekula, amekunya, au bado. Ndani weka majani. Ule mmea unaotambaa wanaouita money plant ni mzuri mno, unaota ndani ya kikopo cha maji, hauchoki, chura analala juu ya jani lake. Kijiti cha tete au kipande cha funjo kimesimama mshazari, akipande. Majani yatoke mahali ambapo una hakika hapajapulizwa dawa, na yaoshe hata hivyo.

Nyumba ikae mahali penye mwanga wa mchana lakini jua lisiipige moja kwa moja. Dakika 20 za jua la saa saba juu ya kontena iliyofungwa ni oveni. Huku tulipo kwenye ikweta mchana na usiku vinagawana karibu sawa, saa 12 kwa 12, huhitaji taa ya kumdanganya.

Maji, na mikono yako

Maji ya bomba yana klorini. Yamwage kwenye beseni pana, yaache wazi saa 24 kabla hujayatumia. Maji uliyotia vidonge vya kutakasia usimpe kabisa. Maji ya mvua ni mazuri lakini usikinge ya bati, bati lina kinyesi cha ndege, kutu, rangi, kinga na beseni katikati ya uwanja, mvua ikiwa imeshanyesha kama robo saa.

Ndani ya nyumba weka kifuniko cha chupa ya soda chenye maji, hicho hicho tu. Kachura kapya kanazama, watu hawaamini nikisema hivyo, ati chura atazamaje, lakini aliyetoka kuwa kiluwiluwi juzi ameshaacha kupumua kwenye maji na nguvu za kuogelea na kujivuta nje bado ni kidogo. Kifuniko kisicho na kina, na kipande cha jani kimeegemea ndani kama ngazi. Badilisha maji kila siku. Chura hanywi kwa mdomo, anakalia maji na kuyavuta kwa ngozi ya tumboni na mapajani, kwa hiyo uchafu wote ulio kwenye maji yale unaingia mwilini mwake.

Asubuhi na jioni puliza ukungu wa maji kwa chupa ya kupulizia ambayo haijawahi kubeba sabuni wala dawa, mara mbili tatu kwenye kuta na majani. Unatafuta unyevu wa kama asilimia 60 hadi 80. Kama huna kipimo angalia ukuta: matone yawepo baada ya kupuliza, na baada ya masaa kadhaa yawe yamekauka. Kama yako siku nzima ongeza dirisha, kama yanakauka kwa nusu saa, na huko Arua au Moroto mwezi wa kwanza itakuwa hivyo, funika sehemu ya dirisha na upulize mara tatu nne.

Joto la kati ya 20 na 28 linamfaa na nyumba nyingi za Kampala, Jinja, Entebbe, Mbale ziko hapo hapo bila kufanya kitu. Ukiwa Kabale usiku ni baridi, mweke chumba mnacholala watu, kwenye rafu ya juu, mbali na sakafu ya simenti. Makaa usilete karibu, moshi utamuua kabla ya baridi.

Mikono: usimshike. Ukilazimika, osha mikono kwa maji matupu, suuza sana, shika ikiwa imelowa, na siku hiyo usiwe umejipaka losheni, mafuta, sanitaiza wala dawa ya kufukuza mbu. Mi namhamisha kwa kikombe na kadi, namfunika kwa kikombe, nateleza kadi chini, kwisha. Baada ya kugusa chochote cha kwake ndo sasa osha kwa sabuni, kwa sababu vyura wanaweza kubeba salmonela na una watoto nyumbani.

Siku za mkia

Kama kametoka kiluwiluwi hapo kwako, utaona miguu ya nyuma imetangulia, halafu ya mbele inachomoza, na kanaanza kupanda nje ya maji huku mkia bado upo. Wakati huo usikape chakula, mdomo wenyewe unabadilika kutoka wa kukwangua mwani kuwa wa kukamata wadudu, na kanaishi kwa kula mkia wake, maana mkia unanyonywa ndani ya mwili. Inachukua siku chache. Mkia ukibaki kipande kidogo tu au umeisha, weka vijinzi vitano, kaa kimya mbali kidogo uangalie, jioni taa ikiwa imefifia. Anasimamisha kichwa, vidole vya nyuma vinatikisika, anaruka, halafu anapomeza macho yanazama ndani ya kichwa, yanasaidia kusukuma chakula kooni. Ukiona hayo macho yamezama umeshinda nusu ya vita.

Kulisha kila siku

Miezi miwili mitatu ya kwanza ni kila siku, jioni, kwa sababu hawa ni wa usiku. Vijinzi 10 hadi 15 kwa kachura kamoja, asubuhi angalia vimebaki vingapi, kama hakuna hata kimoja ongeza, kama vimejaa punguza, vijinzi vingi vinavyomtambalia usiku kucha vinamsumbua mpaka anaacha kula. Kanuni ya saizi ni rahisi: mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho yake mawili.

Vya hapa kwetu vinaruka, kwa hiyo weka kopo kwenye friji dakika mbili tatu vilegee, kama umeme umeenda gonga kopo kwenye kiganja vishuke chini, fungua haraka, mimina kwenye kikombe chenye unga wa kalsiamu, zungusha mpaka viwe vyeupe kama vimeanguka kwenye unga wa mandazi, mimina ndani ya nyumba.

Huo unga si wa hiari. Kijinzi hakina kalsiamu ya kutosha mifupa inayokua, na chura asiyepata anapata matege kama mtoto, taya linakuwa laini, mgongo unapinda, vidole vinatetemeka, na ikishapinda hairudi. Tafuta kwa daktari wa mifugo au duka la wanyama wa kufugwa unga laini wa kalsiamu wenye vitamini D3, tumia karibu kila mlo, na mara moja kwa wiki badala yake unga wa vitamini mchanganyiko. Ile DCP, unga wa madini wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku, ya duka la pembejeo iache, ina fosforasi nyingi ndani yake. Ukikwama kabisa, ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa, likasagwa mpaka liwe laini kama poda linakuvusha wiki mbili, lakini halina D3. Na kumweka nyuma ya kioo cha dirisha ukidhani anapata jua la kutengeneza vitamini haisaidii, kioo kinazuia ile miale yenyewe.

Ukitaka kumbadilishia mlo, sisi wa kando ya ziwa tuko na vile vijidudu vinavyopaa kutoka majini kama moshi mweusi, kamata kwa wavu mbali na taa za nyumba zilizopulizwa dawa, anavipenda sana. Kumbikumbi ni mafuta matupu, mpe wale wadogo wasio na mabawa mara moja moja. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, hapana. Najua mwezi wa 11 kila mtu anazo, lakini kwa chura huyu ni sawa na kumpa ng'ombe mzima, na za sokoni zimeshatiwa chumvi. Wadudu wa sukumawiki za sokoni pia hapana, hujui zimepulizwa nini.

Akifika miezi mitatu, kama sentimita mbili, anza nyenje wadogo sana, walishe kwanza karoti na majani siku moja ili tumbo lao liwe na kitu, na sasa unaweza kulisha siku moja unaruka moja.

Usafi ni kazi ndogo kila siku. Asubuhi okota kinyesi na wadudu waliokufa, badilisha tishu mara tatu kwa wiki, mara moja kwa wiki osha nyumba nzima kwa maji ya moto matupu. Ukilazimika kutumia jiki, iwe imechanganywa na maji mengi, suuza mara tano sita, anika juani mpaka pua yako isisikie chochote. Maji machafu mwaga chooni, sio mtaroni wala kinamasini, sababu nimeshasema hapo juu.

Ukiona hajisikii vizuri

Mdogo anaharibika haraka, usisubiri wiki. Siku mbili bila kula ukiwa na uhakika saizi ni sawa, hiyo ni dalili. Mifupa ya nyonga imechomoza, amekonda. Amevimba kama puto. Tumbo au mapaja yamekuwa mekundu, hiyo ni hatari sana, ni maambukizi ya damu. Anakaa kwenye maji mchana na usiku hataki kupanda. Ngozi inatoka vipande vipande haimaliziki, ingawa ujue kuvua ngozi kwenyewe ni kawaida, anajikunyata, anajipapasa kichwani na miguu, anaivuta mdomoni anaila yote.

Cha kufanya: mtenge kwenye kikopo kisafi, tishu mpya iliyolowa maji yaliyokaa, jani moja, kivuli, utulivu. Halafu jiulize ni nini kimebadilika siku tatu hizi, nani amepuliza dawa ya mbu, nani amechoma ile ya kuzunguka, maji yametoka wapi, kopo la vijinzi limeota ukungu? Mara nyingi jibu liko hapo. Mpigie daktari wa mifugo, na kama yuko mbali na mambo ya vyura jaribu chuo cha mifugo Makerere. Antibiotiki za binadamu usimpe, chumvi usimwekee, limau, mafuta, hapana.

Wawili wa saizi moja wanaweza kukaa pamoja. Mmoja akizidi, mtenge, sio kwa ukali, ila mkubwa anakula chochote kinachotembea kikaingia mdomoni, na Leptopelis usimchanganye na wa matete hata siku moja.

Akikomaa dume ataanza kulia usiku, koo linavimba linakuwa kubwa karibu kama yeye mwenyewe, na sauti ile ndani ya chumba si ndogo. Na usishangae sana ukiwa uliamini ni jike, mwaka 1989 watafiti waliandika kuhusu majike wa Hyperolius viridiflavus waliokuwa wamefugwa wakageuka madume.

Ukisafiri

Krismasi kila mtu anaenda kijijini, na vyura wengi wadogo wanakufa wiki hiyo. Wa chini ya miezi miwili usimwache peke yake zaidi ya siku moja, nenda naye ndani ya kikopo kilichotobolewa, kimefungwa kwenye kitambaa kilicholowa, kisikae mbele ya gari juani. Aliyevuka miezi mitatu anaweza kubaki siku tatu ukimtegea hivi: chukua kichupa chenye vijinzi vya kutosha na kipande cha ndizi, toboa kifuniko tundu moja la saizi ya njiti ya kiberiti, kilaze ndani ya nyumba yake, vijinzi vitatoka kimoja kimoja navyo vitamfuata. Jirani kazi yake iwe kupuliza maji asubuhi na jioni na kubadilisha kifuniko cha maji, asifungue zaidi ya hapo, na maji hayo umwachie wewe kwenye jerikani yakiwa yameshakaa. Halafu andika kwa herufi kubwa ubandike mlangoni, hata kama umeshamwambia kwa mdomo: chumba hiki kisipulizwe dawa ya mbu.